Gurudumu la Chupa na Sapatu

Gurudumu la maji la mtoto linahitaji chupa ya plastiki, sapatu iliyokatika ukanda, njiti ya baiskeli iliyowahi kupinda ikanyooshwa, na bomba la biki iliyokwisha wino. Katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, vitu hivyo havinunuliwi. Vimelala kando ya njia, nyuma ya jiko, au chini ya benchi la fundi baiskeli. Zaidi ya hapo unahitaji wembe, maji kidogo, na mchana ambao hakuna anayekutuma dukani. Hicho cha mwisho ndicho adimu.

Nataka kuisifu kazi hii polepole, kwa kuwa mara nyingi husifiwa kwa sababu isiyo yake. Mtu mzima akiona kigurudumu kinazunguka chini ya mchirizi wa maji husema, "Ee, vizuri!" kisha akaendelea na safari. Amesifu mzunguko, na kuzunguka si jambo gumu. Hata jani lililokwama kwenye mfereji huzunguka. Kigumu ni kuzunguka huku unainua kitu. Maji yaliyo juu yana nguvu tayari, kwa sababu tu yako juu na yanataka kushuka. Fundi wa maji, awe mtoto wa shule ya msingi au mhandisi wa bwawa, haongezi nguvu hiyo hata chembe. Kazi yake yote ni kuizuia isipotee njiani. Ukilielewa hilo, kila mkato wa wembe kwenye kigurudumu hiki unaanza kuwa na maana.

Fundi ninayemzungumzia ni binti wa jirani, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi. Msaidizi wake ni mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake rasmi ni kushika na kazi yake halisi ni kuuliza. Maji yao ni ya kuchotwa na kubebwa kichwani kwa bido la njano, au ya mvua yaliyokingwa chini ya mabati. Kwa hiyo sharti la kwanza halikutoka kwenye kitabu cha sayansi. Lilitoka mlangoni:

"Maji hayo yote yarudi kwenye beseni. Mmesikia?"

"Ndiyo, mama."

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa lazima yazoleke, maana jioni yataosha vyombo. Sharti hilo limekuwa neema. Kwa kuwa maji yanakingwa, yanaweza kupimwa, na jaribio lisilopimwa ni mchezo tu.

Kazi inaanza kwenye kitovu. Vitabu vya shule hupendekeza kiazi, na kiazi kinafaa kwa asubuhi moja. Kesho yake kimenywea na mabawa yamelegea. Gunzi la mahindi lina ute laini katikati, na njiti hupita humo bila ubishi, lakini gunzi hunywa maji, likavimba na kupinda. Binti huyu hutumia sapatu. Povu la sapatu halinywi maji, linakatika kwa wembe, na likichanjwa hubana chochote unachokiingiza, likakishika kwa meno yake lenyewe bila gundi. Anaweka kifuniko cha kopo juu ya soli, anakizungushia biki, kisha anakata kwa kurudi-rudi kidogo kidogo. Wembe ukisukumwa kwa pupa huingia kwa mshazari, na kitovu kinakuwa kinene upande mmoja. Mkubwa mmoja yuko karibu wakati huu, kwa sababu ya wembe. Baada ya hapo anaweza kuondoka.

Sasa, mabawa manane yatapangwaje kwa umbali ulio sawa bila kipimapembe? Anakata karatasi ya duara iliyo sawa na kitovu, anaikunja katikati, anaikunja tena, kisha mara ya tatu. Akiifunua, mikunjo imechora mistari inayogawa duara katika vipande vinane vilivyolingana, na inakutana palepale katikati. Karatasi moja imempa mahali pa mabawa yote na mahali pa tundu la mhimili. Sijui kifaa cha kupimia kilicho rahisi kuliko hicho.

Mabawa yenyewe anayakata kwenye tumbo la chupa, si shingoni wala kitakoni. Tumbo la chupa limejikunja tayari, nao mkunjo huo ni mali. Bawa bapa likipigwa na maji huyatawanya kila upande, na maji yaliyotawanyika yameondoka na nguvu yake. Bawa lenye bonde huyapokea, huyashika kidogo, kisha huyageuza na kuyaangusha. Mdogo wake aliwahi kuyapachika mgongo ukiwa mbele.

"Yaya, mbona linazunguka kivivu?"

"Umeyapa maji mgongo. Yageuzie tumbo."

Hakuna fomula iliyotajwa, lakini sheria imetajwa yote: nguvu ambayo maji hulipa gurudumu inategemea jinsi mwendo wake unavyogeuzwa. Maji yanayoteleza pembeni yamelipa kidogo. Maji yanayorudishwa yalikotoka yamelipa karibu yote yaliyokuwa nayo.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona ndiyo alama ya fundi. Kabla ya tone lolote la maji, anaupitisha mhimili, analishika gurudumu kavu kwa wepesi kwenye ncha za njiti, akiziacha zizunguke, analisukuma kwa kidole na kusubiri lisimame. Analiwekea alama bawa lililosimama chini. Analisukuma tena. Bawa lile lile likirudi chini kila mara, upande huo ni mzito, na upande mzito ukipanda hula nguvu, ukishuka hurusha gurudumu mbele, kwa hiyo mwendo unakuwa wa kushtuka-shtuka. Anapunguza bawa hilo kipande cha plastiki kama ukucha, si zaidi, anajaribu tena, anapunguza tena. Anaacha pale ambapo gurudumu halichagui tena mahali pa kusimama. Mafundi wa magari hufanya kazi hiyo hiyo kwa mashine na vipande vya risasi. Yeye ana subira na wembe.

Mhimili ni njiti ya baiskeli, chuma chembamba cha unene wa milimita mbili hivi. Wembamba huo una faida. Msuguano hukaa pale chuma kinapogusana na kishikilio chake, na kadiri mhimili unavyokuwa mwembamba ndivyo msuguano unavyokosa mkono mrefu wa kuzuia mzunguko. Kishikilio ni kipande cha bomba la nje la biki, kimoja kila upande, kimefungwa juu ya kijiti cha panda kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Mtu anayetaka kazi nadhifu atavutiwa na mrija mwembamba wa wino, ambao unaonekana kuikaa njiti sawasawa. Unaikaa mno. Bomba la nje linaacha nafasi, njiti inacheza kidogo, na katika kucheza huko ndiko kuna uhuru. Kuhusu mafuta, mawese hayafai. Asubuhi za Bunia, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,275 hivi, zina ubaridi, na mawese huganda nusu. Yakiganda yanashika badala ya kutelezesha. Tone la mafuta mepesi ya kupikia linafaa zaidi.

Mabomba mawili ya biki lazima yatazamane. Likiinama moja, njiti inabanwa kila inapozunguka, na gurudumu lililosawazishwa kwa saa nzima linakuwa halina maana. Anayachungulia kama mtu anayelenga manati, jicho moja limefumbwa, mpaka aone mwanga wa tundu la mbali ukiwa katikati ya tundu la karibu. Hapo anakaza mpira.

Stendi ni nusu ya chini ya bido la lita tano lililopasuka. Vijiti vya panda vimesimama ndani yake, na bido lenyewe ndilo beseni la kukingia maji. Kila kitu sasa kiko tayari isipokuwa maji, na ni hapa ninapoona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya nguvu za maji imefanyika pakavu.

Maji yanatoka kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kupinduliwa, imening'inizwa juu, ikiwa na tundu moja kwenye kifuniko. Ukubwa wa tundu ni uamuzi. Tundu pana humwaga maji mengi kwa muda mfupi, na mengi yanapita pembeni mwa bawa. Tundu dogo mno hutoa uzi wa maji unaokatika hewani na kuwa matone. Linalofaa hutoa mchirizi mgumu, unaong'aa, usiokatika mpaka unapogusa bawa. Tundu lenye kingo zilizochanika hutoa maji yaliyosokotana, kwa hiyo analitoboa kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa, na joto lenyewe linalainisha kingo.

Kasi ya mchirizi huo inategemea kina cha maji juu ya tundu, wala haitegemei upana wa chupa. Mwitalia Evangelista Torricelli alilionyesha hilo katika miaka ya 1640: maji yanayotoka tunduni yana kasi ile ile ambayo yangepata kama yangeanguka kutoka usawa wa juu wa maji hayo. Kina cha sentimita 20 kinatoa kasi ya mita mbili hivi kwa sekunde. Ukitaka kasi mara mbili, kina lazima kiwe mara nne, sentimita 80. Watoto hawa hawajamsikia Torricelli, lakini wanajua kwamba chupa inapokaribia kuisha gurudumu linachoka, na ndiyo maana msaidizi anasimama na kopo, akijazia juu polepole ili usawa usishuke. Anadhani anasaidia tu. Kwa kweli anafanya kazi ya bwawa.

Sasa uzi. Ncha moja imefungwa kwenye njiti, nyingine imening'iniza betri kubwa ya redio iliyokwisha moto. Betri ya namna hiyo ina uzito wa gramu 100 hivi. Kuiinua mita moja kunahitaji nguvu ya takriban juli moja. Lita moja ya maji ikishuka nusu mita inatoa juli 4.9. Kwa hiyo, kama duniani pangekuwapo gurudumu lisilopoteza chochote, lita hiyo moja ingeipandisha betri mita tano, juu ya paa la nyumba. Gurudumu la kwanza la mtoto huenda lisiiinue hata nusu mita. Likiiinua mita moja, fundi ameokoa sehemu moja kati ya tano, na amestahili kupongezwa kwa dhati.

Upotevu ulikwenda wapi? Hili ndilo swali linalogeuza mchezo kuwa sayansi, na jibu lake linaonekana kwa macho. Yako maji yaliyoruka pembeni. Uko msuguano kwenye bomba la biki, unaoweza kuusikia ukitega sikio. Zaidi ya yote, yatazame maji yanayoondoka kwenye bawa. Yakirushwa mbali kwa kasi, yameondoka na nguvu ambayo hayakuilipa. Yakidondoka chini wima, yamechoka, hayana haraka, gurudumu limefanya kazi yake. Binti huyu hulitambua gurudumu zuri kwa kuangalia beseni, si gurudumu: akiona sakafu imelowa upande wa pili, anajua kuna kitu cha kurekebisha.

Kuna kitendawili cha mzigo pia. Gurudumu lisilo na mzigo linazunguka kwa kasi ya kupendeza na halifanyi kazi yoyote. Likipewa betri nne kwa pamoja linasimama, na hapo pia kazi ni sifuri. Katikati ya kukimbia bure na kusimama kabisa kuna mwendo mmoja ulio bora, na kwa gurudumu linalopigwa na mchirizi mwendo huo ni pale ukingo wa gurudumu unapokwenda takriban nusu ya kasi ya maji. Hatupimi kasi hiyo nyumbani. Tunaongeza vijiwe kwenye mfuko mdogo, kimoja kimoja, tukiandika uzito na urefu uliopandishwa kwa kila lita. Nambari zinapanda, zinafika kileleni, zinaanza kushuka. Mtoto aliyeona nambari zikishuka baada ya kupanda ameelewa jambo ambalo watu wengi wazima hawalijui, kwamba kasi na kazi ni vitu viwili.

Uzi nao una siri yake. Ukizungushwa kwenye njiti nyembamba, unapanda polepole na kuinua kizito. Ukizungushwa kwenye kifuniko cha chupa kilichopachikwa juu ya njiti, unapanda haraka lakini unakubali chepesi tu. Maji ni yale yale.

Wanaoona haya kuwa michezo ya watoto wamkumbuke John Smeaton. Mwingereza huyu, fundi wa vyombo vya kupimia aliyekuja kuwa mhandisi, alijenga gurudumu dogo la mfano lenye tangi la maji, pampu ya mkono, kamba na vizito vya kuinuliwa. Kwa subira alibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja: kiasi cha maji, urefu wa anguko, uzito wa mzigo. Mwaka 1759 aliwasilisha matokeo yake mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya London, Royal Society, na mwaka huo huo akatunukiwa medali ya Copley. Swali lake lilikuwa la kila siku kwa wenye vinu: je, ni bora maji yapige gurudumu kwa chini, au yamwagwe juu yake yaingie kwenye vikasha na kulishusha kwa uzito wake? Wataalamu wa wakati huo hawakuwa na jibu moja. Gurudumu lake dogo lilionyesha kwamba maji yanayoingia kwa juu hufanya kazi takriban mara mbili ya yanayosukuma kwa chini, kwa maji yale yale na anguko lile lile.

Jibu hilo linaweza kupatikana Bigo leo. Ondoa mabawa ya chupa, pachika vifuniko vinane vya chupa, midomo yote ikielekea upande mmoja, kisha acha maji yaingie taratibu kwenye vifuniko vya juu. Gurudumu hilo halina mbwembwe. Linakwenda kwa mwendo wa mzee, kifuniko kinajaa, kinashuka, kinamwaga. Watoto wanaokuja kutazama hulidharau mpaka waone limebeba mawe ambayo gurudumu la mabawa liliyashindwa. Maji yaliyokuwa yakigonga na kuruka sasa yanakaa kwenye kifuniko mpaka karibu na chini, na karibu anguko lote limetumika.

Gurudumu la mchirizi lilipata heshima yake baadaye, kwenye milima yenye maji machache na anguko refu. Lester Pelton alifanya kazi katika maeneo ya migodi ya dhahabu ya California, na mwaka 1880 alipata hataza ya gurudumu lenye vikombe pacha: mchirizi unagonga ukingo ulio katikati, unagawanyika, kila nusu inazunguka ndani ya kikombe chake na kurudishwa karibu kabisa ilikotoka. Mtoto anayepachika vichwa vya vijiko vya plastiki kwenye kitovu cha sapatu yuko karibu sana na Pelton. Vijiko viwili vikiunganishwa ubavu kwa ubavu, yuko karibu zaidi.

Dhahabu na maji vimetembea pamoja hapa mkoani Ituri pia. Dhahabu ya Kilo ilitambuliwa na watafiti wa kizungu mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ilipokua ilihitaji nguvu ya mashine. Ndipo katika enzi ya Wabelgiji mto Shari ukafungwa na kituo cha umeme cha Budana kikajengwa, kikilisha migodi na pia mji wa Bunia. Watu wa Bunia hulitaja jina la Budana mara nyingi zaidi wakati taa zimezimika. Ni haki yao. Lakini ni vyema mtoto ajue pia kwamba ndani ya Budana kuna vitu vyake vyote: anguko, mdomo wa maji, mabawa yaliyokunjwa, mhimili uliosawazishwa, na mahali pa kupotezea nguvu pakichungwa na mtu.

Anayetaka kuvuka kutoka kwenye uzi hadi kwenye taa ana mota ndogo ndani ya redio ya kaseti iliyokufa. Mota ikizungushwa hutoa umeme badala ya kuula. Hesabu inatia moyo: desilita moja ya maji kila sekunde, ikishuka nusu mita, ina nguvu ya karibu nusu wati. Tukiokoa sehemu moja kati ya tano, tunabaki na sehemu ya kumi ya wati, na kitaa kidogo cha LED cha tochi hutosheka na pungufu ya hapo. Tatizo ni mwendo. Mota inataka kuzungushwa haraka kuliko gurudumu linavyoweza, kwa hiyo mkanda wa mpira hutoka kwenye duara kubwa lililo juu ya njiti kwenda kwenye shina jembamba la mota. Mkanda ukikazwa sana unaivuta njiti upande na kuibana kwenye biki, ukilegea unateleza. Kupata mkazo wa kati ni kazi ya vidole, haiandikiki. Anayevumilia hufika mbali: huko Murang'a, Kenya, John Magiro alianza na dinamo ya baiskeli mtoni, akaendelea mpaka akawa anawasambazia majirani zake umeme wa maji.

Ukubwa hubadilika, sheria haibadiliki, wala hakuna mtu wa kuikwepa. Zidisha lita zinazopita kila sekunde kwa mita za anguko, zidisha tena kwa 9.8, umepata wati zilizomo kwenye maji kabla ya upotevu. Hesabu hiyo ndiyo ya Mutwanga, kituo kidogo kilichowashwa mwaka 2013 chini ya Ruwenzori katika Kivu ya Kaskazini. Ndiyo ya Matebe, Rutshuru, chenye megawati zaidi ya 13, kilichofuata mwaka 2015. Ndiyo ya vituo vikubwa vya Inga kwenye mto Kongo: Inga I ya mwaka 1972, megawati 351, na Inga II ya mwaka 1982, megawati 1,424.

Tena Inga haiko mbali na Bigo kama ramani inavyoonyesha. Mashariki ya Bunia ipo Milima ya Buluu, na mvua inayoanguka upande wake wa pili hushukia Ziwa Albert, lililo mita 619 juu ya usawa wa bahari, kisha huifuata Nile hadi Misri. Upande wetu maji hugeuka magharibi. Mto Nyamukau unaopita mjini unapeleka maji yake kuelekea Shari, Shari unaingia mto Ituri, Ituri unakuwa Aruwimi, na Aruwimi unaingia mto Kongo pale Basoko. Kutoka hapo ni safari ndefu kupita Kinshasa hadi Inga. Mtoto wa Bunia anaishi karibu na mstari unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo, na masomo mengi ya jiografia yangeweza kuanzia kwenye beseni lake.

Tahadhari mbili zinatosha. Jaribio lifanyike uani, si mtoni. Nyamukau ukijaa baada ya mvua si mahali pa mtoto. Na mota ya redio ichezewe kwa maji na kitaa cha tochi tu, kamwe isiunganishwe na waya wa ukutani.

Baada ya hayo, hukumu yangu ni hii. Nchi yenye mito kama Kongo haikukosa maji, wala haikukosa anguko. Inahitaji watu wengi waliowahi kukasirishwa na njiti iliyopinda, wakaketi wakainyoosha, wanaoweza kuangalia maji yanayotoka kwenye mashine na kujua ni kiasi gani kimepotea. Watu hao hawaanzii chuo kikuu. Kwa hiyo, mwalimu wa Bunia na mji mwingine wowote, siku ya somo la nguvu usianze na ubao. Wape watoto lita moja ya maji, nusu mita ya anguko, uzi na betri iliyokufa, kisha uwaulize wameiinua kwa kiasi gani. Andika jibu la kila kundi, waache wabishane kwa nini yametofautiana, warekebishe na kupima upya. Fomula iandikwe mwisho, wakati tayari wanajua inasema nini.